Usiku wa Granada una nusu mbili: kwa mnaokwenda kusoma nje muhula mmoja au miwili

Mfereji wa Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila ikifika mwezi wa tano na wa sita humu huanza kuingia vijana waliopata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya muhula mmoja au mwaka. Maswali ni yale yale: viza, bima, tiketi, koti la baridi. Hayo yamejibiwa sana. Kuna moja ambalo watu huliuliza faragha tu: huko bata ni la kila siku, nitasomaje? Mwezi huu peke yake nimeulizwa na vijana watatu. Nimeona niandike mara moja hapa, pamoja na sehemu ambayo mpaka leo inaniuma.

Mimi nilikuwa Granada, kusini mwa Hispania, Septemba 2022 mpaka mwisho wa Juni 2023, kwa mpango wa Erasmus+. Kwa asiyeujua: Erasmus ilianza 1987 kwa ajili ya vyuo vya Ulaya wenyewe kwa wenyewe. Tangu 2015 njia ikafunguka kwa vyuo vya nchi nyingine, vya kwetu vikiwemo, mradi chuo chako kina makubaliano na chuo cha kule. Unabaki mwanafunzi wa nyumbani, unasomea kule, na krediti zinarudi nyumbani. Nilikuwa mwaka wa tatu uhandisi ujenzi, upande wa maji. Posho ilikuwa euro 850 kwa mwezi.

Granada si mji mkubwa, una watu kama 230,000, lakini chuo chake kipo tangu 1531 na kinapokea wanafunzi wa Erasmus wengi kuliko karibu vyuo vyote Ulaya. Ukitembea mtaani kila wa pili ni mwanafunzi. Tena ukiagiza kinywaji baa unaletewa sahani ndogo ya chakula bila kulipia, wanaiita tapa. Kinywaji na sahani yake ilikuwa euro 2.50 mpaka 3. Ukinywa viwili umeshiba. Kwa hiyo kule baa ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote ya kula chakula cha jioni, na mtu asikwambie "usiende baa" kama vile ni kitu cha pembeni. Ndipo watu wanapokula.

Kitu kingine ni saa. Mstari wa Greenwich unapita Hispania yenyewe, upande wa mashariki, lakini saa zao zinafuata za Ujerumani. Walizisogeza mbele mwaka 1940 na hawakuzirudisha. Matokeo yake jua liko nyuma ya saa. Mwishoni mwa Juni Granada jua linazama saa tatu na nusu usiku na zaidi kidogo. Mwezi wa kwanza linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Sisi tuliozoea kwamba saa kumi na mbili jioni giza linaingia, mwili unachanganyikiwa. Chakula cha mchana ni saa nane au tisa, cha usiku ni saa tatu na nusu au nne, na klabu kabla ya saa saba usiku haina mtu.

Sasa nieleze nilivyoingia.

Nilipanga chumba kwenye nyumba ya watu wanne nyuma ya barabara ya Camino de Ronda, euro 280. Wenzangu watatu walikuwa Wahispania wa huko huko kusini. Nilikuwa nimesoma Kihispania miezi saba na cheti cha B1, yaani ngazi ya kati, ninacho, lakini watu wa Andalusia wanameza herufi. "Más o menos" kwao ni "ma o meno". Darasani mchoro wa profesa nausoma vizuri, maneno yake yananipita. Jioni narudi geto, nakaa kitandani, simu mkononi, nataka kupiga nyumbani, nyumbani wameshalala. Wenzangu wako jikoni wanacheka na mimi nawasikia kupitia ukuta.

Wengi mtadhani mtu anaanza kutoka kila usiku kwa sababu anapenda starehe. Mimi kilichonitoa ni kile chumba. Nasema hivi kwa sababu ukijidanganya kuhusu sababu, utatafuta dawa isiyo yake.

Jumatano moja ya Oktoba mwenzangu wa chumba cha pili akanigongea mlango. Tukaenda baa ndogo, kaunta ya bati, watu wamesimama wamebanana, karatasi za kufutia mikono zimetapakaa sakafuni kama maganda ya karanga. Ikaja sahani ya boquerones, samaki wadogo wamekaangwa na unga, urefu wa kidole, unatafuna na mifupa. Nikawaambia kwetu hawa ni ndugu zake dagaa. Hapo wakataka kujua dagaa ni nini, wanavuliwaje usiku kwa taa, wanaanikwaje. Kwa saa mbili nilizungumza Kihispania kuliko wiki tatu zote za nyuma. Kesho yake darasani nilimwelewa profesa zaidi. Sitanii, sikio lilifunguka.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya usiku wa Granada. Inaanza saa tatu, inaisha saa saba. Watu wanakula, wanaongea, wanabishana, wanahama baa hadi baa kwa miguu. Ukiikosa hiyo umekosa nusu ya kilichokupeleka.

Saa saba kundi linainuka. Nusu ya pili ni klabu, wengi huelekea mtaa wa Pedro Antonio de Alarcón na kando yake. Kiingilio kilikuwa euro 10 na kinywaji kimoja. Humo ndani muziki unapigwa mpaka kifua kinatetemeka, mtu akikwambia jina lake hulisikii. Unatoka saa kumi na mbili alfajiri bado giza. Niwaambie ukweli: katika usiku wote niliokesha humo, sina hata rafiki mmoja niliyempata. Marafiki wangu wote nilionao mpaka leo ni wa saa nne usiku. Lakini nilikuwa naziunganisha nusu zote mbili kwa sababu kundi likiinuka, kubaki nyuma nilikuona kama kurudi kule chumbani. Kufikia mwezi wa kumi na moja nilikuwa natoka Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Jumamosi.

Desemba 14, 2022, Jumatano. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, Morocco na Ufaransa. Timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, na wiki moja nyuma walikuwa wamewatoa Hispania kwa penalti, kwa hiyo mnaweza kufikiria hali ya mji. Tuliangalia na wanafunzi wa Morocco, tumejazana. Tukafungwa 2-0. Mechi iliisha karibu saa nne usiku. Kesho yake saa tatu na nusu asubuhi kikundi chetu kilikuwa na wasilisho la mradi wa haidrolojia, elimu ya mwenendo wa maji: mafuriko katika bonde la mto Genil. Mimi ndiye niliyefanya hesabu za kiasi cha maji, na mimi ndiye niliyetakiwa kuzieleza.

Ningeondoka saa nne nisingekuwa na uzi wa kuandika leo. Nikaenda kula na wenzangu kwa sababu tulikuwa na majonzi. Kisha nikaenda klabu kwa sababu tulikuwa na majonzi. Saa kumi na mbili kasoro niko nje, wafagizi wanaosha lami kwa mipira ya maji, mvuke unatoka mdomoni, tunakula churros, maandazi yao marefu ya kukaanga, na chokoleti nzito kwenye kikombe. Nikafika geto nikasema nalala nusu saa. Simu nikaiweka chini ya mto ili mlio unishtue.

Niliamka saa saba na dakika kumi mchana. Kulikuwa na miito tisa ambayo sikupokea. Ujumbe wa mwisho ulikuwa maneno matatu: "Ya hemos terminado." Tumeshamaliza.

Walisimama bila mimi. Walisoma namba zangu ubaoni bila kujua zilitokaje, na profesa aliuliza hasa hizo. Mradi ulikuwa 40% ya kozi. Wao wakapata 7 kati ya 10, mimi sifuri. Januari kwenye mtihani nilipiga msuli nikapata 7.2, lakini mtihani ni 60% tu, jumla ikatoka 4.3. Kule kufaulu ni 5. Nikaenda sapu Februari. Wenzangu wanapanda Sierra Nevada kwenye theluji, mimi maktaba. Nikapata 6.4.

Alama zilirudi. Kilichokuwa kigumu ni yule dada wa kikundi chetu aliyetoka Jaén, mkoa wa jirani. Ndiye aliyepiga simu tisa. Baba yake ana shamba la mizeituni, anasoma huku anafanya kazi wikendi, na ile 7 kwake ilikuwa hasara, alizoea 9. Hakunigombeza. Hakunisemesha, mwezi mzima.

Muhula wa pili nilibadilisha kitu kimoja tu kikubwa: nusu ya kwanza ninayo, nusu ya pili naiacha. Saa saba kundi likiinuka naaga mmoja mmoja, nakwenda kulala. Klabu mara mbili kwa mwezi, Ijumaa au Jumamosi. Mchana nikaanza kulala kama wao, saa tisa mpaka kumi na robo, maana kila kitu kimefungwa. Saa kumi na moja mpaka saa mbili na nusu ni maktaba, halafu ndiyo natoka kula. Krediti 30 zote za muhula huo zilipita.

Mwenye swali au mwenye lake aliloishi, karibu.

---

Babu wa Kiwalani

Kijana, nimesoma yote mpaka mwisho. Nashukuru umesema ukweli kuhusu wenzako wa kikundi. Lakini naomba nikuulize kama mzazi. Sisi tunaobaki huku tunachangishana nauli, mama anauza kitenge chake cha arusi, na mtoto anakwenda kusimama baa mpaka saa saba usiku siku nne kwa wiki, kisha mnasema hiyo ndiyo nusu nzuri? Mlitumwa kusoma. Kwa nini asikae ndani asome, arudi?

---

Mfereji wa Juu

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo alilonipa baba yangu, na nilijibu vibaya kwa simu. Nijaribu tena hapa kwa heshima.

Nilimwona mtu aliyekaa ndani. Mwafrika mwenzetu, simtaji nchi. Alikwenda darasani na kurudi, hakutoka hata siku moja, kwa nia njema kabisa, kwa sababu hiyo hiyo ya nauli ya kuchangiwa. Mwezi wa kumi na moja akaacha kuamka. Alikuwa anakunywa chai na mikate tu, pazia limefungwa mchana. Tulikuja kumtoa sisi watatu, tukampeleka kwa daktari wa chuo. Alifeli kozi nne. Mimi niliyekuwa nakesha nilifeli moja. Sisemi kukesha ni bora, mzee. Nasema upweke nao unafelisha, na hauna harufu ya pombe kwa hiyo hakuna anayeuona.

Na hesabu ya kusoma nimeifanya. Kule krediti moja ni saa 25 za kazi, darasa na kujisomea vikijumlishwa. Muhula una krediti 30. Hizo ni saa 750. Ukigawa kwa wiki kama 19 pamoja na za mitihani, ni karibu saa 40 kwa wiki. Ni kazi kamili ya ofisini. Mtu akizifanya hizo saa 40 kwa uaminifu, jioni yake ni ya kwake. Mimi kabla ya Desemba nilikuwa nafanya labda 18.

---

Babu wa Kiwalani

Marahaba. Huyo kijana sasa yukoje?

---

Mfereji wa Juu

Yuko kwao, alimaliza shahada mwaka uliofuata. Tunawasiliana.

---

Mto Nzoia

Habari zenu wadau. Mimi ni wa upande wa Kenya, nilikuwa Leipzig, Ujerumani, msimu wa baridi. Mwenye uzi, huko kwenu Granada mlikuwa na bahati: majaribio, mradi, wasilisho, kila wiki kuna kitu cha kukuamsha. Leipzig kozi zangu tatu hazikuchukua mahudhurio kabisa. Masomo yanaanza Oktoba, hakuna anayekuuliza uko wapi, halafu mwanzoni mwa Februari kuna mtihani mmoja wa dakika 90, alama zote mia ziko hapo. Unaweza kuharibu miezi mitatu na hujui. Unahisi uko sawa, kwa sababu hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika. Hilo ndilo lilinimaliza.

Usiku wa Leipzig ni barabara ya Karl-Liebknecht, wenyeji wanaiita KarLi, na kuna klabu ya wanafunzi inaitwa Moritzbastei, katikati ya mji, chini ya ardhi. Ilikuwa ngome ya zamani iliyofukiwa na vifusi baada ya vita. Kuanzia 1974 wanafunzi wenyewe ndio waliichimba kwa koleo, miaka kadhaa. Angela Merkel, aliyekuja kuwa Kansela wa Ujerumani, alikuwa anasoma fizikia pale wakati huo na ni mmoja wa waliochimba. Nilipoambiwa hivyo niliona aibu kidogo, nikiwa nimekaa kwenye matofali hayo saa nane usiku na kesho nina maabara.

Kilichonisaidia ni kutafuta mtu wa kuniuliza. Nilimpata Mvietnam mmoja, tukakubaliana kila Jumatatu na Alhamisi saa nne asubuhi tunakutana maktaba na kila mtu anamweleza mwenzake lekcha ya wiki kwa mdomo. Hukuelewa, unanyamaza, na kunyamaza mbele ya mtu kunauma. Nilipita zote mbili za lazima, ya tatu nikaangusha.

---

Chipukizi 2025

Mkuu Mfereji, ubarikiwe sana. Mimi ndiye mmoja wa wale watatu waliokuuliza faragha, sasa naona niulize hadharani. Naondoka Septemba, Granada hiyo hiyo. Maswali mawili. Kwanza ile karatasi ya makubaliano ya masomo, nipange kozi vipi ili nisibanwe? Wakubwa wa hapa chuoni wananiambia niweke Ijumaa iwe tupu. Pili, hela. Usiku mmoja unakula kiasi gani kwa kweli?

---

Mfereji wa Juu

Mdogo wangu, Ijumaa usiiache tupu. Hilo nalisema kwa nguvu zote. Alhamisi ndiyo usiku mkubwa wa wanafunzi wa kigeni kule, na wanaoacha Ijumaa tupu ndio wanaokesha Alhamisi, wanalala Ijumaa, wanasafiri Jumamosi, na Jumatatu wanaanza wiki wamechoka kuliko walivyoimaliza. Muhula wa pili niliweka kozi ya saa tatu asubuhi Ijumaa makusudi, tena yenye kuhesabu mahudhurio. Ikawa msumari wangu. Kozi nyingi zina kundi la asubuhi na la jioni, kwa hiyo chagua la asubuhi hata kama linatisha. La jioni linakuruhusu kuamka saa sita mchana, na ukishaanza hivyo wiki mbili hutarudi.

Karatasi yenyewe: itie sahihi zote tatu kabla hujapanda ndege, yako, ya nyumbani, ya kule. Ukibadilisha kozi baada ya kufika, badilisha wiki za mwanzo na upate sahihi tena. Mimi ya nyumbani ilichelewa miezi miwili, ofisi siitaji, na kozi moja ikawa karibu isitambuliwe. Hifadhi kila barua pepe.

Hela, kwa bei za wakati wangu. Nusu ya kwanza: vinywaji viwili, tuseme euro 6, na chakula cha usiku kimo humo humo. Nusu ya pili: kiingilio 10, kinywaji kingine 6 au 7, churros 4, na kama umechoka, teksi. Umeshafika 30 kwa usiku mmoja. Mara nne kwa wiki ni 120, kwa mwezi 480 kwenye posho ya 850. Nimeandika hesabu hii polepole kwa sababu mwezi wa kumi na moja nilikula ugali wa unga wa mahindi wa duka la Wakolombia kwa siku kumi na moja mfululizo, na sikujua hela ilikwenda wapi. Ilikwenda hapo.

---

Bint Malindi

Assalaam alaykum jamaa. Nimeona hapa wote wanaozungumza ni kaka zetu, na wote wanakunywa. Nami niseme langu, kwa sababu kuna wasichana wa visiwani na wa pwani wananiandikia wakidhani wasiokunywa hawana nafasi kule.

Nilikuwa Granada muhula wa pili wa 2024. Sinywi, na baa niliingia. Tapa unaletewa hata ukiagiza mosto, ambayo ni juisi ya zabibu, au maji ya matunda. La kuangalia ni nguruwe, maana yumo kwenye kila kitu, mpaka kwenye dengu. Nilijifunza kusema "sin cerdo, por favor" kabla sijajifunza kuuliza njia. Baada ya wiki mbili mwenye baa ya mtaani kwetu akiniona tu anaweka samaki au viazi vya mayai, sijafungua mdomo.

Halafu kuna mtaa wa Calderería Nueva, chini ya Albaicín, ule mji wa kale wa kilimani, umejaa nyumba za chai. Wanaziita tetería. Chai ya mnanaa, keki za lozi, mito ya kukalia. Ziko wazi mpaka usiku. Ukisema tukutane huko, hata wanaokunywa wanakuja, kwa sababu kinachowatoa nyumbani ni watu.

Juu ya Albaicín, karibu na ile baraza ya San Nicolás inayotazamana na Alhambra, ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa zamani, kuna msikiti uliofunguliwa 2003. Ramadhani ilianza Machi. Mpaka saa ziliposogezwa mbele tarehe 31 tulifuturu kama saa moja na nusu, baada ya hapo saa mbili na nusu usiku. Wahispania ndio kwanza wanafikiria chakula cha jioni! Mwezi ule wenzangu wa nyumba walikuwa wananisubiri tule pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa na ratiba inayoendana nao kuliko wakati wowote. Nilisoma vizuri kuliko miezi mingine yote, baada ya Alfajiri mpaka saa nne asubuhi, nyumba kimya, wao wamelala.

Na kwa wasichana, wanaokunywa na wasiokunywa: gilasi yako isitoke mkononi, ukiiacha mezani iache moja kwa moja, agiza nyingine. Mmetoka watatu, rudini watatu. Namba ya dharura ni 112, nchi zote za Umoja wa Ulaya. Kuna usiku mmoja tuliihitaji kwa ajili ya mwenzetu na walikuja. Sitaeleza zaidi, ni habari yake.

---

Mfereji wa Juu

Waalaykum salaam dada. Ahsante sana kwa la 112 na la gilasi, nilipaswa kuliandika mimi juu kabisa. Na hilo la kusoma alfajiri watu wamelala ni kweli, kule saa moja asubuhi mji wote ni wako.

Dada, wewe utakuwa umeona na lugha. Zeituni kwao "aceituna", zafarani "azafrán", sukari "azúcar". Kuna siku nilikuwa namweleza mtu kwamba sisi tunasema "hata siku moja", nikagundua "hata" yetu na "hasta" yao, yaani mpaka, zote zimetoka kwenye "hatta" ya Kiarabu. Niliisikia "hasta mañana" miezi mitatu bila kuijua.

---

Mto Nzoia

Mkuu, na yule dada wa Jaén mliishia wapi? Umetuacha njiani.

---

Mfereji wa Juu

Katikati ya Januari nilimwandikia nikamwomba tukutane. Akakubali, ila akachagua mkahawa wa kitivo, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa Kihispania usiku uliotangulia, nimeyaandika kwenye daftari, nikaona nisiyasome. Nikasema nimekuharibia alama na sikupokea simu yako, sina sababu, naomba radhi. Akauliza kitu kimoja tu: namba ya kipindi cha kurudi miaka 50, yaani mafuriko yanayotarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka 50, ulichagua mbinu gani? Hicho ndicho profesa alichomuuliza na hakuweza kujibu. Nikachukua ile daftari, nikamfanyia hesabu yote mezani pale, kama dakika 40, kahawa ikapoa. Mwisho akasema "vale", sawa, akaondoka.

Muhula wa pili tukawa tena kozi moja. Profesa alipotaka vikundi, alinyoosha kidole kwangu. Sikutegemea. Ilikuwa ile kozi ya Ijumaa saa tatu. Wasilisho letu lilikuwa Mei, na mimi niliwahi kufika, saa mbili na robo, mlango wa jengo haujafunguliwa.

---

Chipukizi 2025

Nimeelewa mkuu. Ijumaa nimeweka kozi ya saa tatu, nimetuma karatasi leo kwa sahihi ya kule. Swali la mwisho kisha naacha kusumbua: kundi likiinuka saa saba, unaagaje bila kuonekana unawatenga?

---

Mfereji wa Juu

Husumbui. Usiage kundi zima kwa pamoja, watapiga kelele na utabaki. Anza kuaga saa saba kasoro robo, mmoja mmoja, mshike bega, mwambie mtakutana wapi na saa ngapi kesho. Saa na mahali, vyote viwili. Mimi nilikuwa nasema "mañana a las dos, en el comedor", kesho saa nane mchana bwaloni. Na uende kweli.